Mtu wa Nne Katika Nyumba ya Watu Watatu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumanne, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wajumbe wote wa nyumba hii, yaani mama, wifi yako na mimi niliyepiga kura mara mbili, natangaza rasmi kwamba nyumba yetu haina tangazo tena. Wimbo wa sabuni umekoma. Yule bwana wa magodoro aliyekuwa akijilaza katikati ya taarifa ya habari amefukuzwa. Sherehe hazikufanyika, na mgeni rasmi hakualikwa.

Nimetanguliza tangazo kabla ya salamu, na mama akijua atanivuta sikio na mvi zangu hizi. Basi, hujambo, mdogo wangu? Mwili unaendeleaje? Usingizi unakuja? Chakula kinashuka? Nakuuliza sasa kwa sababu ndivyo barua zinavyotaka, na najua utanijibu "mzima wa afya" kwa sababu hiyo hiyo. Nitakuuliza tena huko mwishoni, na hapo nitataka jibu.

Sisi hatujambo. Magoti ya mama bado yanatabiri mvua na hayajakosea. Wifi yako anashonea watu mapazia, na letu ni lile lile lenye tundu uliloliacha. Mimi ndiye yule yule Makufuli wako, kibandani kwangu, nachonga funguo za watu waliopoteza zao. Nimeongezeka kiuno na kupungua nywele. Nadhani hazikudondoka, zimeteremka tu.

Habari ya matangazo ina urefu wake, kwa hiyo kaa vizuri.

Unakumbuka ulivyokaa sakafuni wiki moja kabla ya kusafiri, ukatupangia kila kitu: televisheni ya intaneti, kishikwambi cha mama, simu yangu, hata ile kompyuta ya kibandani ninayotafutia michoro ya makufuli mageni. Tumevitumia miaka mitatu kama ulivyoviacha. Matangazo yalikuwepo, lakini yalikuwa matangazo ya watu wazima wa kawaida, ya dawa ya mchwa, miwani ya kusomea, na mto wa mtu anayekoroma. Huo wa mwisho wifi yako alikuwa akiniwekea mbele ya macho bila kusema neno.

Miezi mitano iliyopita yalianza kuja mengine. Koti zito linalofika visiginoni. Glavu. Viatu vya baridi vyenye manyoya ndani, namba thelathini na nne, zimebaki jozi mbili. Tulicheka sana. Katika nyumba hii mguu mdogo kuliko yote ni wa mama, na hauingii thelathini na nane mpaka usukumwe. Mama peke yake hakucheka, ila mama huwa hacheki mpaka chai yake ishuke.

Baada ya makoti ukaja mswaki laini wa watu wenye vidonda mdomoni. Halafu mto wa kukalia "kwa saa nyingi za kusubiri." Halafu akaja yule mwanamke.

Sijui nimweleze vipi. Amevaa kofia ya sufu ya rangi ya majivu na anatazama nje ya dirisha. Anageuka taratibu, anakuangalia wewe, anavua kofia. Kichwani hamna unywele hata mmoja. Anatabasamu kama anayelijua jina lako, kisha yanatokea maneno: Hauko peke yako. Basi, hata bei hawaandiki.

Mara ya kwanza nilimwona kibandani saa sita mchana, jua kali, nikiwa natafuta mchoro wa kitasa. Jioni akageuka kwenye televisheni, katikati ya mpira, timu yetu ikiwa inapiga kona. Asubuhi yake alikuwa kwenye simu yangu, nimeishika bafuni. Wifi yako akamkuta kwenye kishikwambi, amegeuka nusu, kama mtu aliyesikia mlango. Nikawa kila nikiwasha kitu nasubiri kwanza. Ukimsubiri haji. Ukishaanza kusoma mambo yako, anageuka.

Mimi nikawaza peke yangu, maana ndivyo nilivyo, nafungulia watu milango halafu wangu naufunga kwa ukimya. Nilijua vifaa hivi husikiliza vidole. Mtu hatangaziwi kofia kama hakuitafuta. Mimi sikuitafuta. Kwa hiyo ni mke wangu, anaumwa, ananificha. Nikaanza kubeba ndoo za maji kabla hajaziangalia. Nikampikia chakula laini. Naye, wifi yako huyo mwenye ulimi, akaanza kunipikia mimi chakula laini, na kuniambia nikae nipumzike. Wiki mbili tulikula kama watoto wanaoota meno.

Ijumaa moja jikoni akaweka mwiko chini. "Baba, niambie tu. Nitavumilia."

"Niambie wewe."

"Nikuambie nini?"

"Unaumwa nini?"

"Naumwa mimi? Si wewe unayetafuta kofia za kuficha kichwa?"

"Hiki kichwa kifichwe leo, baada ya watu wote kukizoea?"

Tukacheka mpaka tukashika meza. Halafu kwa pamoja tukatazama mlango wa chumba cha mama.

Tulimpeleka kliniki kwa kisingizio cha magoti. Wakampima kila kinachopimika. Daktari akasema mama huyu atatuzika sote na bado atabaki na nguvu ya kulalamikia kaburi. Tuliporudi na kufika juu ya ngazi, mama akashika kitasa cha mlango akauliza: "Mlikuwa mnatafuta nini ndani yangu?"

Basi hesabu ikawa hivi. Nyumba ina watu watatu, wote wazima, na kila siku inaletewa vitu vya mtu wa nne aliye mgonjwa. Mtu mwenye mguu mdogo, anayeona baridi, asiyeweza kutafuna. Jioni tukikaa sebuleni nikawa naacha nafasi kwenye kochi. Usinicheke. Wifi yako naye alikuwa anaiacha.

Hapo ndipo nikaamua kufunga.

Nilianza na kompyuta ya kibandani. Kuna vijiprogramu vya kubandika kwenye kivinjari, kazi yao ni kukaa mlangoni kama bawabu na kurudisha matangazo yalikotoka. Viko vingi, na kila kimoja kinajisifu. Mimi nikachagua kimoja kwa sababu kilikuwa na picha ya kufuli. Naam. Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaambia watu wasiamini kufuli kwa kung'aa kwake. Kesho yake kompyuta ilikuwa inatangaza hata mambo ambayo mtu mzima anaangalia pembeni.

Nikaibeba mpaka kwa fundi simu wa kibanda cha jirani, mtu mwenye maneno mengi kuliko skrubu.

"Mzee Makufuli, umemwajiri mwizi awe mlinzi."

"Alikuwa na picha ya kufuli."

"Na wewe una mvi. Hekima iko wapi?"

Alikitoa, akanifundisha kuchagua. Kwanza soma kinaomba ruhusa ya nini. Bawabu anayetaka kujua unalala wapi na kusoma ujumbe wako, huyo si bawabu. Pili, tafuta kile ambacho waliokitengeneza wameacha wazi jinsi kinavyofanya kazi, mafundi wengine wakikague. Tatu, vivinjari havilingani. Kimoja kinamwacha bawabu afanye kazi yake yote, kingine kinamng'oa meno kwanza ndipo kimruhusu kukaa mlangoni. Ikabidi nibadilishe kivinjari pia. Nikajaribu kama ninavyojaribu kufuli lolote, mara mbili, kwa nje na kwa ndani. Nilifungua ukurasa ule ule ambao mwanamke alikuwa anageukia. Palikuwa na kisanduku cheupe.

Simu ni mnyama mwingine. Kivinjari kilichokuja nayo hakikubali kubandikwa kitu, kwa hiyo fundi simu akaniwekea kingine ambacho bawabu wake amezaliwa humo humo. Lakini bawabu wa kivinjari analinda mlango wake tu. Programu ya hali ya hewa ina mlango wake, ya habari ina wake. Kwa hizo kuna sehemu kwenye mipangilio inayoiambia simu ikamuulize nani anwani za mtandaoni. Unamweka mtu wa kuulizwa mwenye orodha ya watangazaji wote. Akiulizwa njia ya kwenda kwa mtangazaji, anasema hajui. Nimempenda sana huyo. Uongo wake ni wa kistaarabu.

Televisheni haina pa kubandika kitu kabisa. Dawa yake iko kwenye kile kisanduku cha intaneti juu ya kabati, maana vifaa vyote vya nyumbani hupitia hapo. Ukimweka yule muongo mstaarabu hapo langoni, umefunga nyumba nzima kwa ufunguo mmoja, na kishikwambi cha mama pia, bila kukigusa.

Nikafunga. Mpira ukachezwa bila mtu kugeuka. Nyumba ikawa kimya. Kwenye kurasa, mahali palipokuwa na matangazo palibaki weupe, kama ukutani panapoondolewa picha. Wifi yako akasema sasa ndio anaogopa zaidi.

Mdogo wangu, mpaka hapa nimekuandikia kama ninavyowasimulia wateja. Sasa nikuandikie kama ndugu.

Sikufunga simu na televisheni kwa sababu ya kero. Kero ilinifanya nifunge kompyuta tu. Siku niliyompelekea fundi simu ile simu, aliigusa mara mbili tatu, akasimama. Akauliza bila mzaha wowote, "Hii akaunti ya nani?" Akanigeuzia kioo. Juu, kwenye duara dogo kuliko kifungo cha shati, ulikuwa wewe, na zile nywele zako ulizosuka siku ya kuhitimu.

Uliposafiri kwenda huko kwenye baridi ulinipa kazi moja. Ulisema, "Kaka, vyote nimevifungua kwa akaunti yangu, utaweka yako baadaye." Baadaye yangu unaijua. Kibandani kuna funguo za watu tangu mwaka juzi. Miaka mitatu tumekuwa ndani ya akaunti yako, vifaa vinne, na mtandao haujui tofauti ya kidole chako na changu. Umeona koti huko, likaja huku. Ulipoumwa mdomo, mswaki ukaja huku. Mtu wa nne kwenye kochi letu ulikuwa wewe.

Namba thelathini na nne. Mimi niliyekubebea viatu vyako shuleni nikavicheka.

Nilirudi nyumbani mchana huo huo nikafunga lango la kisanduku, ili mama asijue. Hiyo ndiyo sababu. Wifi yako nilimwambia, akalia akiwa amekunja pazia la mtu, akalilowesha, akalazimika kulifua. Tukakubaliana kukaa kimya mpaka useme mwenyewe. Katika kazi yangu kuna sheria moja tu ya maana. Fundi hafungui mlango wa mtu bila mwenye mlango kuwapo. Sikusoma barua zako wala kugusa picha zako, naapa. Nimeona tu yaliyobandikwa kizingitini. Lakini nimesimama kwenye kizingiti chako miezi mitano, na hilo nalo ni kosa.

Sasa mama. Siku ya kwanza baada ya kufunga, alikaa dirishani na kishikwambi chake kama kawaida, akatembeza kidole juu mpaka chini, akarudia. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakunywa chai. Nikadhani magoti. Ya tano nikamkuta amekiweka mapajani, amekifunika kwa viganja viwili kama mtu anayekipasha moto. Alinitazama akasema, kwa sauti ile ya kazini kwake, unaikumbuka:

"Mwanangu. Amekufa lini?"

Nikauliza nani, kama mjinga.

"Usiniulize nani. Amekufa lini, na mmemzika wapi bila mimi?"

Alijua, Kitindamimba. Alijua tangu viatu. Akasema, katika ukoo huu mzima mwenye mguu wa namba hiyo ni mmoja, nilimzaa mimi. Kila asubuhi alikuwa anakusoma pale. Leo ana baridi. Leo mdomo unamuuma. Leo wanamsubirisha sana. Hakutuambia kwa sababu ya ile miaka thelathini aliyounganisha watu kwenye ubao wa simu, ambapo unasikia kila kitu na hujasikia kitu. "Kilichopita kwenye waya si changu," akasema. "Nilikuwa nasubiri anipigie mwenyewe. Lakini wewe umekata waya."

Nilipiga magoti, mdogo wangu, na unajua magoti yangu yanavyogoma kurudi. Nikamwambia u hai, kwamba Jumapili ulituandikia "mzima wa afya." Akasema maneno hayo hata marehemu anaweza kuandikiwa na mtu mwingine. Kofia hazidanganyi.

Kwa hiyo lile tangazo langu la mwanzo lilikuwa la uongo. Kisanduku kina orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kupita bila kuulizwa. Niliandika kishikwambi cha mama, hicho tu. Tukakaa wote watatu dirishani tukisubiri, saa nzima, kama watu wanaosubiri mtu atoke chumba cha upasuaji. Ikaja dawa ya mchwa. Likaja godoro. Kisha mwanamke akageuka. Miezi yote ile alinitisha, na siku ile ningemkumbatia. Lakini kofia yake ilikuwa mpya, ya rangi ya kahawia, na chini yake waliandika: kwa nywele zinazoanza kuota.

Mama akaweka kidole pale. Akabonyeza, akakiacha hapo hapo. "Yupo," akasema, akaomba chai.

Hapo ndipo tulipogundua la mwisho, na hili nakuandikia kwa woga kidogo. Nilimuuliza kama huwa anayabonyeza matangazo hayo. Kila siku, akasema, ili ujue kuna mtu amepokea. Basi kama huko uliko zile kofia zimekufuata kuliko ulivyozitafuta, kama umewahi kuwasha simu asubuhi ukajiona unaangaliwa, haukuwa mtandao peke yake. Kilikuwa kidole cha mama. Na kama umetangaziwa dawa ya mchwa na mto wa kukoroma katika chumba cha mtu mmoja, baridi ikiwa nje, hao ni sisi. Labda na wewe uliacha nafasi kitandani ukijiuliza nani anakoroma.

Kule juu nilitania nywele zangu. Nilitaka kufuta nikaacha. Wewe ndiye uliyeanza kukitania kichwa hiki tangu hujajua kusoma, na sitaki tuanze adabu leo.

Sasa nakuuliza mara ya pili. Hujambo, mdogo wangu? Niandikie kwa mkono wako, au piga simu mama akiwa ameshakunywa chai, na useme lolote lile isipokuwa yale maneno matatu. Na unipe amri, wewe mwenye mlango. Ukisema nitoke kwenye akaunti yako, natoka siku hiyo hiyo, sitasema baadaye. Ukisema nibaki, nitabaki. Vifaa vyangu vitabaki vimefungwa, maana yule bwana wa magodoro simtaki hata kwa dawa. Kishikwambi cha mama kitabaki wazi mpaka useme.

Wifi yako anakusalimu. Ameanza kukushonea kofia ya pamba, anaulizia kipimo cha kichwa, na amesema usimdanganye. Fundi simu anakusalimu ingawa hamjuani. Mama hatumi salamu kwa barua, anasema ametuma leo asubuhi, ya rangi ya kahawia.

Mungu akupe usingizi mzito, na mguu wako mdogo aukanyagishe tena ngazi zetu hizi mbovu.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, niliyesimama mlangoni kwako nikingoja kukaribishwa,

Makufuli